Pembe ya Ng'ombe na Maji ya Buluu: Divai ya Biodinamiki Inalimwaje?

Chupa ilifika Lubumbashi ndani ya valizi ya binamu yangu, imeviringishwa taulo mbili kama mtoto mchanga. Aliitoa siku ya ubatizo wa binti yake, akaiweka mezani katikati ya chupa za bia ya Simba, ugali wetu wa bukari na ndoo ya munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Divai nyeupe kutoka bonde la Loire, Ufaransa. Nyuma ya chupa kulikuwa na maandishi madogo yanayosema kwamba zabibu zake zililimwa kwa njia ya biodinamiki.

Binamu alikuwa ameelezwa na muuzaji, basi naye akatueleza. Wanachukua pembe ya ng'ombe jike, wanaijaza mavi ya ng'ombe, wanaizika ardhini miezi sita, wanaifukua, wanakoroga kile kilichomo ndani ya maji, wananyunyizia shamba. Meza ikanyamaza. Shangazi akarudisha glasi yake taratibu, kama mtu aliyesikia simu inaita chumba cha pili. Kwetu pembe iliyojazwa kitu na kuzikwa usiku ina jina lake, na jina hilo halitajwi siku ya ubatizo.

Baba mukubwa peke yake hakushtuka. Yeye alikuwa ameishika simu ya binamu, anatazama picha za shamba hilo. Katika picha moja majani ya mizabibu yalikuwa na madoa ya buluu, kana kwamba mtu amepangusia burashi ya rangi juu yake.

"Hii njo shaba," akasema. "Ile mayi ya buluu yenye tulikuwa tunatumika nayo ku Shituru, njo hii. Sasa bazungu banatia shaba ku mizabibu?"

Binamu akamwambia hapana Baba, hawa hawatumii dawa hata moja, ndiyo maana divai yao ni ghali. Lakini mzee aliyetumika miaka yake yote kwenye kiwanda cha shaba pale Likasi, ambako mawe huyeyushwa kwa asidi hadi maji yawe ya buluu, hakosei rangi hiyo. Alikuwa na haki. Nilitumia wiki kadhaa baada ya ubatizo kusoma habari hii, na nimefika mahali ambapo sikutegemea kufika: watu wote wanabishana juu ya pembe, na jambo zito liko kwenye yale maji ya buluu.

Kwanza tutenganishe maneno, maana hata wauzaji huyachanganya. Anayelima "bio" ameacha mbolea za viwandani na dawa zilizotengenezwa maabara. Divai wanayoiita "ya asili" inahusu zaidi ghala la mapipa: hamira ya zabibu zenyewe, salfa kidogo au hakuna kabisa. Biodinamiki ni bio iliyoongezewa mambo mawili. Moja ni wazo kwamba shamba zima, na ng'ombe wake, nyasi zake, mboji yake na watu wake, ni kiumbe kimoja kinachopaswa kujilisha chenyewe. La pili ni vile vitu vya ajabu, pembe na mwezi.

Tuchukue shamba moja tulione kwa karibu. Linaitwa Coulée de Serrant, katika kijiji cha Savennières, si mbali na mji wa Angers, juu ya mteremko mkali unaoutazama mto Loire. Ni hekta 7 tu. Mashamba ya mahindi ya wakubwa wetu barabara ya Kipushi yangeweza kulimeza bila kushiba. Lakini watawa wa Citeaux walipanda mizabibu hapo mwaka 1130, na tangu hapo mteremko huo haujawahi kuacha kuzaa divai. Mwaka 1214 jeshi la mfalme John wa Uingereza, lililokuwa limeizingira ngome iliyokuwa papo hapo, lilikimbia. Leo sheria ya Ufaransa inaipa divai ya hekta hizo 7 jina lake lenyewe linalolindwa, na jina lote lina mwenye mmoja: ukoo wa Joly, ulionunua shamba mwaka 1962.

Mtoto wa nyumba hiyo, Nicolas Joly, hakuwa mkulima. Alifanya kazi ya benki New York na London, kisha mwishoni mwa miaka ya 1970 akaacha suti akarudi kwa mama yake shambani. Mshauri wa kilimo akamtembelea, akamwambia kwamba mama amelima vizuri lakini kwa mtindo wa zamani. Sasa kuna dawa za kuua magugu, zitakuokolea fedha. Kijana wa benki akapiga hesabu, akaona ni kweli, akanyunyiza. Miaka 2 haikupita akaona udongo umebadilika rangi, na wadudu aliozoea kuwaona, hasa wale wadogo wekundu wenye madoa meusi wanaokula vidukari, wametoweka. Ndipo akakutana na kitabu juu ya biodinamiki. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 shamba lote lilikuwa limegeuzwa. Siku hizi binti yake Virginie ndiye anayeliendesha, na kwenye mteremko ule mkali farasi ndio wanaolima, kwa sababu trekta hushindilia udongo mpaka unakuwa kama sakafu.

Sasa hiyo biodinamiki ilitoka wapi? Si kwa wakulima wa divai. Mwezi Juni 1924, katika shamba kubwa la kabaila mmoja mahali palipoitwa Koberwitz, leo ni Kobierzyce nchini Polandi, mwanafalsafa Rudolf Steiner alitoa mihadhara 8 mbele ya watu zaidi ya mia. Wakulima walikuwa wamemwita kwa sababu walikuwa na hofu. Viwanda vya naitrojeni vilikuwa vimeanza muongo mmoja tu kabla, mbolea za chumvi zilikuwa zimeingia mashambani, nao waliona mbegu zinachoka na mifugo inaugua. Steiner mwenyewe hakuwa mkulima. Wala hakuwa mnywaji: alifundisha kwamba pombe inamzuia mtu kukua kiroho. Hilo hunichekesha kila mara ninapoliona jina lake likiuza chupa. Mwaka uliofuata, Machi 1925, alifariki. Wafuasi wake wakaendelea, na mwaka 1928 wakaandikisha alama ya Demeter, jina la mungu wa nafaka wa Wagiriki, ambayo hadi leo hubandikwa kwenye mazao yaliyokaguliwa.

Turudi kwa pembe, maana najua Shangazi bado anaisubiri. Dawa hiyo ina namba, 500. Pembe ni ya ng'ombe jike aliyezaa, si ya dume. Samadi ni mbichi, ya ng'ombe anayekula nyasi. Inazikwa majani yanapoanza kupukutika, inafukuliwa baridi ikiisha. Aliyewahi kuifungua atakwambia kwamba haina tena harufu ya mavi: imekuwa nyeusi, laini, inanukia kama udongo wa msituni chini ya majani yaliyooza. Mkulima anachukua gramu 100 hivi kwa hekta, kiasi kinachojaa viganja, anazitia katika lita 30 au 40 za maji ya mvua yenye uvuguvugu. Kisha anakoroga saa nzima. Anakoroga upande mmoja hadi maji yachimbe shimo katikati kama kizingia, halafu ghafla anageuza mkono upande wa pili, shimo linavunjika kwa povu na kelele, linaanza kuchimbika upya. Saa nzima, bila kupumzika. Jioni ananyunyiza ardhini, matone makubwa, akitembea.

Dawa ya 501 ni ndugu yake wa kinyume: pembe hiyo hiyo, lakini inajazwa unga wa jiwe la kwatzi, inazikwa wakati wa joto, na gramu 4 tu zinatosha hekta nzima. Hiyo hunyunyizwa alfajiri juu ya majani, kama ukungu mwembamba. Kisha zipo za kutia ndani ya mboji, 502 hadi 507: maua ya kamomili ndani ya utumbo wa ng'ombe, gamba la mti wa mwaloni ndani ya fuvu la mnyama wa kufugwa, na mengine ya namna hiyo. Nakubali kwamba orodha hii haimsaidii mtu anayetaka kumshawishi Shangazi.

Je, zinafanya kazi? Hapa tuwe wakweli, maana pande zote mbili hupenda kutia chumvi. Huko Therwil, karibu na Basel nchini Uswisi, kuna viwanja vya majaribio vinavyolinganisha kilimo cha kawaida, cha bio na cha biodinamiki tangu 1978. Baada ya miaka 21 watafiti waliandika kwamba mavuno ya mashamba ya bio na biodinamiki yalikuwa pungufu kwa asilimia 20 hivi, lakini mbolea iliyotumika ilikuwa pungufu kwa thuluthi moja hadi nusu, dawa za wadudu zilipungua kwa asilimia 97, na udongo ulijaa uhai zaidi. Wanaopenda pembe hunukuu matokeo hayo kwa furaha. Lakini hayo ni matokeo ya samadi nzuri na kuacha sumu. Pembe haijajitenga hapo. Walioitenga ni watafiti wengine huko California: shamba moja la mizabibu, kuanzia 1996, mboji ile ile, matunzo yale yale, sehemu moja ikapata dawa za Steiner na nyingine haikupata. Miaka 6 ikapita, udongo haukuonyesha tofauti.

Mwezi nao una kalenda yake, iliyotungwa na Mjerumani Maria Thun na kutolewa kila mwaka tangu miaka ya 1960. Mwezi huzunguka mbele ya nyota zote kwa siku 27 na kitu, na kila kundi la nyota linapewa sehemu ya mmea: siku za mizizi, za majani, za maua, za matunda. Wengine husema hata divai huonjwa vizuri siku za matunda. Hilo lilipimwa: waonjaji 19 wa kazi hiyo huko New Zealand walipewa divai 12 bila kuonyeshwa majina, siku za matunda na siku za mizizi. Hawakuzitofautisha. Mama yangu naye hakuruhusu mti wa paa ukatwe mwezi ukiwa mkubwa, alisema utaliwa na bungua, na sikuwahi kumpima. Ninalojua ni kwamba kalenda ya kaskazini haisafiri vizuri. Sisi tuko kusini mwa ikweta. Mwezi unaopanda angani kwao unashuka kwetu. Na "zika wakati majani yanapukutika" ni agizo gani kwa mtu wa Katanga, mwenye majira ya mvua kuanzia Novemba na kiangazi chenye baridi ya Juni? Kule Dodoma, Tanzania, zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka kwa sababu mzabibu haupati baridi ya kuulaza. Mkulima ndiye anayeulaza kwa mkasi wa kupogolea. Steiner hakuyasema hayo kwa sababu hakuwahi kuyaona.

Basi kwa nini mashamba makubwa, yenye fedha za kununua dawa yoyote wanayotaka, yakaingia humo? Nikolaihof ya Austria, shamba la ukoo wa Saahs tangu 1894, ilianza mwaka 1971, wakati jambo hilo lilikuwa bado kichekesho. Zind-Humbrecht ya Alsace, ukoo uliomo kwenye divai tangu 1620, iligeuza mwaka 1997. Leflaive ya Burgundy ilijaribu sehemu kuanzia 1990, ikageuza zote miaka 7 baadaye. Hawa si watu wa kubahatisha.

Jibu langu ni la kiudongo. Mtu anayejifunga kuacha sumu za maabara amepoteza kisingizio cha kukaa nyumbani. Dawa ya kisasa ya ukungu huingia ndani ya jani, inalilinda kutoka ndani hata mvua ikinyesha, unaweza kuinyunyiza na kwenda zako wiki mbili. Mkulima wa bio hana hiyo. Lazima atembee kati ya mistari asubuhi, ageuze majani, apapase udongo, anuse. Aliyekoroga pipa saa nzima kisha akatembea hekta nzima akinyunyiza matone amekagua kila mzabibu bila kukusudia. Sina ushahidi kwamba pembe inaleta nguvu za nyota. Lakini mguu wa mwenye shamba ukipita hapo mara 15 kwa msimu, hilo naliamini.

Na sasa lile jambo la Baba mukubwa.

Mzabibu wa Ulaya una adui ambaye hakuzaliwa Ulaya. Karne ya 19 kidudu kidogo cha mizizi, filoksera, kilivuka bahari kutoka Marekani kikaanza kumaliza mizabibu ya Ufaransa. Ili kujiokoa, Wafaransa wakaleta mizizi ya mizabibu ya Marekani, isiyoumwa na kidudu hicho, wakabebesha juu yake vikonyo vya kwao. Hila hiyo ilifaulu na inatumika hadi leo. Lakini pamoja na miche ikaja mildiyu, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia majani, iliyoonekana Ufaransa mwaka 1878. Wakulima wetu wa nyanya wanamjua ndugu yake: mvua za Januari, siku 3 za unyevu, majani yanapata madoa kama yamemwagiwa maji ya moto, na shamba lote linanyauka kabla hujapata mtu wa kukusaidia kuvuna.

Dawa ilipatikana kwa sababu ya wezi. Karibu na Bordeaux, mwenye shamba mmoja alichoka na wapita njia waliochuma zabibu zake. Akachanganya salfeti ya shaba na chokaa, akaipaka mizabibu ya kando ya barabara, ili majani yawe ya buluu na kutisha kama sumu. Mwaka 1882 profesa Millardet alipita hapo, akaona kitu: mizabibu yote imekauka kwa mildiyu isipokuwa mistari ile ya barabarani. Alifanya majaribio, na mwaka 1885 akaitangaza dawa hiyo, ambayo inaitwa bado mchanganyiko wa Bordeaux. Ungekuwa na shamba la mahindi nje ya mji huu ungemwelewa yule mwenye shamba kuliko profesa.

Inafanyaje kazi? Mbegu za mildiyu huogelea ndani ya tone la maji juu ya jani, zikitafuta tundu la kuingilia. Shaba kidogo ikiyeyuka ndani ya tone hilo, zinakufa kabla hazijafika. Ni hivyo tu. Shaba haiingii ndani ya jani, inakaa juu kama koti. Mvua ya milimita 20 ikinyesha, koti limevuliwa, na mkulima lazima avae buti anyunyize tena, hata kama ni Jumapili.

Na kwa kuwa shaba ni madini, haikutengenezwa maabara, sheria za bio zinaikubali. Za biodinamiki pia. Ndiyo sababu binamu aliambiwa "hawatumii dawa" na Baba mukubwa akaona shaba, na hakuna aliyesema uongo.

Tatizo ni kwamba mvua inapoiosha, shaba haiendi popote. Dawa za maabara nyingi huvunjika baada ya muda. Shaba ni elementi, haina mahali pa kuvunjikia. Inashuka sentimita chache, inashikamana na udongo, inakaa. Zamani wakulima wa Ufaransa walimwaga zaidi ya kilo 20 kwa hekta kila mwaka. Leo Umoja wa Ulaya unaruhusu kilo 28 kwa miaka 7, yaani wastani wa kilo 4 kwa mwaka, na Demeter wamejibana hadi kilo 3.

Nilipomwambia Baba mukubwa, alicheka hadi akakohoa. "Kilo ine? Ile siye tulikuwa tunapangusa ku bottes."

Lakini tufanye hesabu pamoja. Udongo wa juu wa hekta moja, sentimita 20, una uzito wa tani 2,600 hivi. Kilo 4 kila mwaka kwa miaka 100 ni kilo 400. Igawe: ni miligramu 150 za shaba zaidi katika kila kilo ya udongo. Vipimo vilivyokusanywa Ulaya nzima vinaonyesha wastani wa miligramu 17 kwa udongo wa kawaida na 49 kwa mashamba ya mizabibu, na yapo mashamba ya zamani yaliyopita mamia. Kwa kiwango hicho mizabibu yenyewe haina shida sana, mizizi yake iko chini. Wanaoteseka ni minyoo na kuvu wadogo wa udongo. Yaani wale wale ambao kilimo hiki chote kilianzishwa ili kuwalinda.

Hiyo ndiyo fundo lenyewe, na wakulima wazuri wa biodinamiki wanalijua kuliko wapinzani wao. Ndiyo maana wanapika majani ya upupu na mkia wa farasi, mmea uliojaa madini ya silika, wananyunyiza chai yake ili ngozi ya jani iwe ngumu na shaba ipungue gramu kadhaa. Wanaondoa majani upande wa jua la asubuhi ili umande ukauke haraka. Wanapanga farasi badala ya trekta. Kila gramu ni vita.

Mwaka mwingine vita vinashindwa. Château Pontet-Canet, katika eneo la Pauillac, ni shamba la ukoo wa Tesseron tangu 1975, hekta zaidi ya 80, jina lililomo katika orodha ya heshima ya Bordeaux ya 1855. Alfred Tesseron alianza biodinamiki mwaka 2004. Mwaka 2007 mvua ikakaza, mildiyu ikapanda, na siku moja aliona mavuno ya mwaka mzima yanakwenda. Akanyunyiza dawa ya kiwandani. Zabibu zikapona, na safari ya kupata cheti ikaanza upya kutoka sifuri. Amekuwa akisema hadharani kwamba alijutia. Cheti alikipata 2010. Kisha ikaja 2018, mildiyu ikarudi na nguvu zaidi, na safari hii hakunyunyiza. Alipoteza sehemu kubwa ya mavuno, kama thuluthi mbili.

Hapo ndipo neno "ukoo" linapokuwa na uzito. Meneja aliyeajiriwa, mwenye mkubwa anayetaka hesabu kila Desemba, hawezi kufanya alichofanya Tesseron mwaka 2018. Mzabibu hauzai vizuri kabla ya miaka 3, na mzuri huishi zaidi ya 50. Shaba unayoiweka leo itakutwa na mjukuu. Mtu hulinda udongo kwa nguvu zaidi akijua nani atakayeurithi. Lakini na urithi una ncha yake. Sheria ya Napoleon ya 1804 inagawa mali sawasawa kwa watoto, na Burgundy imekatwakatwa mpaka Clos de Vougeot, hekta 50 zilizozungukwa na ukuta mmoja wa watawa, ina wenye 80 hivi. Jirani akinyunyiza sumu, upepo haujui mpaka. Koo zilizobaki na shamba zima mara nyingi zilibuni njia: kampuni ya familia yenye hisa, ndugu mmoja analima, wengine wanapata gawio na kunyamaza. Yeyote aliyekaa kwenye baraza la ukoo kugawana kiwanja cha marehemu hapa Lubumbashi anajua kwamba kipengele cha kunyamaza ndicho kigumu.

Divai ya binamu tuliimaliza, mwishowe. Shangazi naye alionja, baada ya kufanya ishara ya msalaba. Ilikuwa kali kidogo, kama ganda la tufaha bichi, na nyuma yake kitu kama asali. Chenin blanc ya Loire huwa hivyo, pembe au bila pembe.

Wiki iliyofuata nilimrudisha Baba mukubwa nyumbani kwa gari la kuazima, tukapita upande wa Penga Penga. Huko ndiko upepo wa kusini-mashariki ulikopeleka moshi wa kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi tangu kilipowashwa 1911. Udongo wake una shaba kwa maelfu ya miligramu, na miti haiko. Watafiti wa chuo kikuu chetu wamekuwa wakipanda humo nyasi ndogo zinazoivumilia, ili vumbi lisipeperuke kwenye nyumba za watu. Katikati ya mabaka ya ardhi tupu kuna mmea mfupi wenye maua ya zambarau, ule ambao watafuta madini huusoma kama alama: hapa chini kuna shaba.

Akaniambia nisimamishe gari. Akashusha kioo, akayatazama maua kwa muda.

"Kule kwa bale bazungu ba divai," akauliza, "ile maua ya shaba imeanza kuota?"

Nikamwambia bado, Baba. Ni mmea wa kwetu tu, kule haupo.

"Sasa batajua namna gani?"